Maneno ya Chumba cha Eda

Tangu baba afariki, kazi za jioni nyumbani kwetu Bofu, Likoni, zikawa zangu. Nikirudi shule navua sare, nafagia ua, nateka maji mferejini na kujaza mapipa mawili, kisha nawasha jiko la makaa na kubandika chai. Wageni walikuwa hawaishi. Wanawake wa mtaa walianza kuingia baada ya sala ya alasiri. Walivua viatu mlangoni, wakampa mama pole, wakakaa naye mkekani. Mimi napeleka vikombe, natoa vikombe. Ukiniuliza mwezi ule niliosha vikombe vingapi, siwezi kukwambia.

Mama yangu, Mwanarehema, alikuwa kwenye eda. Kwetu mke aliyefiwa na mumewe hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Haendi sokoni wala harusini, hajipambi, hajitii manukato. Hukaa chumba cha ndani, na wanaokuja kumtazama ni wanawake na jamaa zake wa karibu. Yanayosemwa mle hubaki mle. Hilo hakuna aliyenifundisha. Kila mtoto wa nyumba za kwetu analijua, kama anavyojua kuwa mkono wa kulia ndio wa kulia chakula.

Baba yangu, Boga, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika yadi moja kule Changamwe. Jumanne moja waliletewa tangi la lori la mafuta lililopasuka, wakaambiwa limeoshwa. Halikuwa limeoshwa. Mvuke wa petroli ulibaki ndani, na baba alipowasha moto wa kazi yake, tangi likalipuka. Aliondoka nyumbani asubuhi kwa miguu yake, akarudishwa jioni amefunikwa. Sina maneno mengine ya kulieleza hilo.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, gredi ya saba, na kitu kimoja tu nilichokiweza vizuri kilikuwa kuigiza. Mwalimu wetu wa maigizo alikuwa Mwalimu Gedion. Alikuwa mtu wa bara, na sisi watoto wa pwani tulimsahihisha Kiswahili chake mpaka akatuzoea, lakini kwenye jukwaa alitushinda sote. Wiki sita baada ya mazishi alituita wanachama wa chama cha maigizo akatupa habari. Kikundi kimoja cha vijana kilikuwa kinatafuta watoto kumi na wawili kutoka shule za Likoni, Kisauni na Changamwe. Watakaochaguliwa watafunzwa uigizaji kila Jumamosi kwa mwaka mzima, katika ukumbi mmoja wa Frere Town. Mchujo ulikuwa umebakiza wiki mbili.

"Kila mmoja atakwenda na vipande viwili vya kusema peke yake," alisema. "Dakika mbili kila kimoja. Na visifanane. Ukipeleka viwili vya kuchekesha, umerudi nyumbani. Ukipeleka viwili vya majonzi, umerudi nyumbani vilevile."

"Kwa nini, mwalimu?" aliuliza Fancy. Fancy alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, na hakuwa mtu wa kukaa na swali mdomoni.

"Kwa sababu wanataka kuona kama mwili mmoja unaweza kubeba watu wawili," Mwalimu Gedion alijibu. "Anayeweza mtu mmoja tu, huyo anajiigiza mwenyewe."

Kipande cha kuchekesha sikukitafuta mbali. Nilitunga cha mama mmoja muuza mahamri anayegombana na kunguru aliyemwibia hamri na kuruka nalo juu ya paa la mabati. Nilimtukana kunguru yule kwa heshima zote, nikamuuliza kwao hawapiki, nikamtaka anirudishie angalau nusu. Mwalimu Gedion alicheka hadi akakaa chini.

Cha pili ndicho kilichonitesa. Nilichagua kwanza maneno ya malkia ambaye mji wake umeteketea, kutoka katika kitabu cha maktaba. Mwalimu Gedion aliweka kiti kitupu mbele yangu, kama alivyofanya na kila mmoja wetu.

"Huyo aliyekaa hapo ni nani?" aliniuliza.

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Basi unasema na nani? Mtu hasemi tu hewani, Jalila. Anasema na mtu, na kuna kitu anakitaka kwa huyo mtu. Malkia wako anataka nini?"

Nilijaribu mara tatu. Mara ya tatu alitikisa kichwa akasema, "Nakusikia unasoma. Sijakusikia unasema." Nilirudi nyumbani nimenuna.

Alhamisi ya wiki hiyo mama mkubwa, dada yake mama anayekaa Kisauni, alikuja kumtazama mama. Wageni wengine walikuwa wameshaondoka. Niliwaandalia chai nikaibeba, na nilipofika kwenye pazia la chumba cha ndani nikasikia mama analia kwa sauti ya chini. Nilisimama pale pale na sinia mkononi. Ningekohoa, au ningerudi jikoni. Sikufanya hata moja.

"Dada, kuna jambo linanichoma," mama alikuwa anasema. "Siku tatu kabla hajafa tulikuwa hatusemezani. Tuligombana kwa jambo dogo, hata kulitaja naona haya. Asubuhi ile alipokuwa anatoka alininyoshea mkono aniage. Mimi nikauvuta wangu. Nikajifanya nakunja nguo. Akasimama kidogo, akaenda. Dada, mume wangu amekufa sikumpa mkono. Sikumtaka radhi, wala yeye hakunitaka."

 Mama mkubwa akasema, "Muombee, na wewe umuombe Mungu msamaha. Lakini usimwambie mtu mwingine, Rehema. Wakwe zako wakilisikia hili hawatakuelewa. Na nyumba hii imesimama kwenye kiwanja chao."

Sasa nitasema jambo ninaloliona aibu hadi leo. Mtoto mwingine angeingia akamkumbatia mamake. Mimi kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba kipande changu cha pili nimekipata. Mtu yupo, anayeambiwa yupo, na kitu kinachotakiwa kipo. Nilipeleka chai nikatoka, nikaketi jikoni, nikaandika maneno yote ya mama nyuma ya daftari la hisabati kabla hayajanitoka.

Kesho yake nilimsomea Mwalimu Gedion. Sikutaja jina la baba, lakini nilisema mume wangu fundi wa kuchomelea. Nilikiangalia kile kiti kitupu kama mama mkubwa amekaa hapo. Nilipomaliza, mwalimu alikiondoa kile kiti akanisogelea.

"Umekitoa wapi hiki?"

"Nimekitunga mwenyewe, mwalimu."

"Kweli? Najua nyumbani kwenu kuna msiba. Una hakika unataka kusema habari za mjane mbele ya watu?"

"Wallahi nimetunga, mwalimu. Ni mchezo tu."

Niliapa kwa wepesi kama mtu anayeomba kalamu. Mwalimu Gedion akakubali. Aliniambia kipande ni kizuri sana, ila mwisho wake unazimika. Mume anaondoka, basi? Akanitaka nitafute neno la mwisho litakalowaacha watu wamekaa wima. Nililitafuta siku mbili, na nikalipata. Mama yangu alisema, "Akasimama kidogo, akaenda." Mimi nikaongeza: "Nikamwambia, nenda zako, na usirudi."

Usiniulize kwa nini nilitia neno hilo. Lilisikika vizuri, na hilo ndilo tu nililolifikiria.

Siku moja kabla ya mchujo, mama aliniita chumbani nimwonyeshe vipande vyangu. Yeye ndiye aliyeniruhusu niende, ingawa majirani wengine walinung'unika kwamba mtoto wa nyumba yenye msiba anakwenda kwenye michezo. Nilimfanyia muuza mahamri. Mama akacheka, akaziba mdomo kwa ukingo wa leso, akacheka tena. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Na cha pili?" aliuliza.

"Cha malkia, mama. Mji wake umeungua."

"Mungu akusahilishie," akasema, akanishika kichwa.

Jumamosi tulivuka feri asubuhi mapema, Mwalimu Gedion, Fancy, wenzetu wa chama na mimi, tukaenda hadi Frere Town. Ukumbini walikaa watu watatu nyuma ya meza, na nyuma yao wazazi na watoto waliokuja kutazama. Tulipewa fomu ya kujaza. Palikuwa na nafasi ya kuandika mtunzi wa kila kipande. Niliandika jina langu mara mbili, kwa mwandiko mzuri.

Muuza mahamri aliwachekesha hata wale wa mezani. Nikavuta pumzi, nikajifunga leso kichwani, nikakaa chini sakafuni kama mama anavyokaa mkekani, nikaanza.  Nilipolisema lile neno langu la mwisho, nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi kwa mshituko. Mmoja wa wale watatu, mama mrefu mwenye miwani, aliinama mbele akaniuliza, "Haya umeyaandika mwenyewe?"

"Ndiyo, madamu."

"Una kipawa, binti."

Nje, Fancy alinirukia shingoni. "Umewamaliza kabisa, manze! Nimekurekodi yote kwa simu ya sistangu." Jioni ile video ilikuwa kwenye kundi la darasa letu. Jumapili ilikuwa kwenye makundi ambayo mimi wala Fancy hatukuyajua.

Bibi yangu, Mwanasaumu, ndiye aliyemzaa baba. Nyumba yake iko nyua mbili tu kutoka kwetu, na tangu msiba uingie hakuwa amepitisha siku bila kumletea mama chakula. Jumatatu hakuja. Nilijiambia labda mguu wake unamsumbua. Jumanne hakuja tena, na wageni wa alasiri hawakuja pia. Chai niliyobandika ilipoa na birika lake.

Karibu na magharibi alikuja Shangazi Mwanakheri, dada yake baba. Hakubisha hodi wala hakuvua viatu. Alisimama uani, mbele ya dirisha la chumba cha ndani, akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia.

"Mwanarehema, video tumeiona. Mtoto wako ametusomea mwenyewe uliyoyafanya. Ndugu yangu alikunyoshea mkono ukaukataa. Ukamwambia asirudi, na kweli hakurudi. Eda yako ikae mpaka uimalize, hatukufukuzi ndani ya eda. Ikiisha, urudi kwenu. Jalila ni damu yetu, atabaki."

Nilikuwa jikoni. Nilimwona mama amefika mlangoni, mkono ameuweka kwenye komeo. Mwanamke mwingine yeyote wa Bofu angetoka akajibu, na mama yangu alikuwa na maneno ya kumtosha shangazi na ukoo mzima. Lakini alikuwa kwenye eda, na hakuwa tayari kutoka nje ya nyumba kwenda kugombana na wifi yake. Aliliachia komeo akarudi akakaa.

"Jalila," aliita.

"Abee, mama."

"Video gani hiyo?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pangu pa kusema kweli, na nikapapita. "Ni Fancy, mama," nilisema. "Yeye ndiye aliyetunga yale maneno. Mimi nilisoma tu."

Mama aliniangalia muda mrefu. "Fancy alijuaje habari ya mkono?" aliuliza.

 Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Aligeuka akalala na uso wake ukutani, na chakula nilichompelekea kilibaki vilevile hadi asubuhi. Siku tatu zilizofuata alinisemesha ya lazima tu: leta maji, funga mlango, nenda shule. Nilikuwa naogopa hata kupita mbele ya pazia lile. Nilihesabu siku za eda zilizobaki, nikaona ndizo siku zilizonibakia za kuishi na mama yangu.

Ijumaa Mwalimu Gedion aliingia darasani na karatasi mkononi. Alisoma majina ya watoto kumi na wawili waliochaguliwa, na la tatu lilikuwa langu. Darasa likapiga makofi. Fancy akanikumbatia, na mimi nikashindwa kumwangalia, kwa sababu huyu ndiye niliyemsingizia. Wengine walipotoka kwenda nyumbani, nilibaki.

"Mwalimu, kile kipande si changu," nilisema. "Ni maneno ya mama. Aliyasema ndani ya eda, akamwambia dada yake, nami nikayasikiliza nyuma ya pazia. Neno la mwisho ndilo nililolitia mimi. Sasa ndugu za baba wanasema mama ndiye aliyelisema, na wanataka kumtoa."

Mwalimu Gedion aliketi kwenye dawati la mbele. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Na uliniapia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ukaandika kwenye fomu."

"Ndiyo, mwalimu. Na mama nikamwambia ni Fancy aliyetunga."

Aliusugua uso kwa viganja. "Na mimi nina kosa langu," alisema mwishowe. "Nilijua kuna msiba kwenu. Nilikuuliza mara moja, ukanijibu, nikaridhika upesi kwa kuwa kipande kilikuwa kizuri. Ilinipasa niulize tena. Jumatatu nitawaambia watu wa kikundi, na Fancy nitamwambia aifute ile video, ingawa iliyokwisha kusambaa haikusanyiki. Nafasi yako huenda ikaenda kwa mwingine. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Basi hilo ndilo dogo. Kubwa liko kwenu Bofu, na hilo siwezi kukusaidia. Ni lazima uende mwenyewe."

Fancy alikuwa akiningoja nje, na kabla hatujatoka langoni nilimwambia nilivyomtaja kwa mama. Alinitazama kama hanijui. "Mimi, Jalila? Mimi nilikufanyia nini?" alisema, akashika njia yake peke yake. Nilistahili.

Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi, na begi la shule mgongoni. Nilimkuta uani amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Shangazi Mwanakheri alikuwa kando anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Shangazi."

Bibi aliendelea kukuna. Baadaye akasema "Marahaba" bila kuinua macho. Shangazi hakuitikia.

Nikapiga goti chini mchangani. "Bibi, nimekuja kusema kweli. Lile neno la 'usirudi' ni langu. Nililitia mimi ili watu washituke. Mama hakulisema. Wala hakujua kama nakwenda kuyasema maneno yale. Nilimdanganya yeye, nikamdanganya na mwalimu."

Bibi aliacha kukuna. "Rudia," alisema.

Nikarudia. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilirudia neno kwa neno.

"Mtoto anamkingia mamake," alisema Shangazi Mwanakheri. "Amefundishwa huyu."

"Mama hanisemeshi, Shangazi. Hajui kama niko hapa."

Bibi aliniangalia kwa macho yake yaliyoanza kuingia ukungu. "Na la mkono?" aliniuliza. "Hilo nalo umelitia wewe?"

 Ningeweza kusema ndiyo. Uongo mmoja tu mdogo, na mama yangu angekuwa safi mbele yao, na mambo yangekwisha. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Hilo si langu kulisema, Bibi," nilisema. "La kwangu nimelisema. Hilo muulize mwenyewe mama."

 Bibi alisukuma ile mbuzi kando, akakung'uta nazi mikononi, akajifunga leso yake vizuri. "Niinue," aliniambia. Tukatoka, yeye ameniegemea bega, na shangazi nyuma yetu anaguna njia nzima.

Mlangoni kwetu bibi alivua viatu. Shangazi alisimama kizingitini na vyake miguuni. Mama alipomwona mkwewe aliinuka akamwamkia. Bibi akaketi mkekani akamvuta mkono akae.

"Mtoto amekuja kwangu," alisema. "Amesema neno la kumkataza Boga asirudi amelizua yeye. Nimemuuliza la mkono, akaniambia nikuulize wewe. Nakuuliza."

Mama alinitupia jicho mara moja tu. Angeweza kukana, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi na mama mkubwa. Machozi yakaanza kumtoka kabla ya maneno.

"La mkono ni kweli, mama," alimwambia mkwewe. "Alininyoshea mkono, sikumpa. Tulikuwa tumenuniana siku tatu. Nilifikiri akirudi jioni tutayamaliza."

Nilimsikia shangazi akitaka kusema kitu. Bibi aliinua mkono akamnyamazisha.

"Mwanarehema," alisema, "mimi na marehemu babake Boga tumenuniana mara ngapi? Nilikuwa namwekea chakula nikampa kisogo. Mkono? Wallahi kuna mwezi mzima sikumpa hata jibu la hodi. Tofauti yangu na yako ni moja tu. Wangu alikuwa akirudi jioni."

Akapangusa uso. Kwa mara ya kwanza niliona kuwa bibi naye alikuwa amefiwa na mtoto. Wiki zote zile nilimwona kama mtu anayeleta chakula tu.

"Boga nimemzaa mimi," alisema. "Hakuwa mtu wa kulala na kinyongo. Mimi nimekuwia radhi, na yeye inshallah amekuwia. Nyumba hii aliijenga kwa ajili yenu, na eda ikiisha mtakaa humuhumu. Na wewe Mwanakheri, vua viatu uingie. Ulisimama uani ukamsema mtu asiyeweza kutoka kukujibu. Mtake radhi."

Shangazi alichelewa kidogo, lakini alivua viatu. Aliingia akakaa pembeni mwa mkeka, akasema aliyotakiwa kusema kwa sauti ya chini sana. Mama alimwitikia. Sitadanganya kwamba walikumbatiana. Lakini tangu siku ile shangazi ndiye aliyekwenda nyumba hadi nyumba kuwaambia watu kwamba lile neno lilizuliwa, na wanawake wakaanza kurudi alasiri, wachache kwanza, halafu wengi.

Jumatano iliyofuata Mwalimu Gedion aliniletea jibu la kikundi. Nafasi yangu ilipewa mtoto mwingine. Walisema mwaka ujao naweza kujaribu tena, kwa vipande ambavyo nitaonyesha vimetoka wapi. Nilimwambia mama nikiwa nimesimama, nikangoja aseme kwamba nimeyataka mwenyewe. Badala yake alipiga mkeka kwa kiganja, nikakaa.

"Umehuzunika?" aliuliza.

"Sana, mama."

"Ni haki yako. Sasa nisikilize." Alizungumza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake siku nyingi. "Huzuni ya mtu ni mali yake. Anaweza kumpa amtakaye. Mimi nilimpa dada yangu, sikukupa wewe. Kama ungeniomba, ningekukatalia, nawe ungekasirika siku mbili, basi. Ulipochukua bila kuomba ilikubidi uongope, na uongo mmoja ukakupeleka kwa wa pili, hadi ukamsingizia rafiki yako. Ulipokwenda kusema kweli kwa bibi yako, ulichelewa, lakini ulikwenda kwa miguu yako. Kwa hilo nimekuwia radhi. Na Fancy pia umtake radhi, hata akikukataa mara tatu."

"Nitakwenda kwao kesho, mama."

"Nenda." Akanigeukia. "Lakini kuna jambo sijalielewa. Ulitakiwa ulete kipande cha majonzi. Wewe umefiwa na baba. Mbona ulikuja kuchukua majonzi yangu, ukayaacha yako? Na mbona sijakuona ukilia hata siku moja?"

Nilitaka kusema sijui.  Mama hakuniharakisha.

"Yangu siwezi kuyasema," nilisema. "Nikianza sitanyamaza."

"Mbele ya watu usiyaseme. Nambie mimi."

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwamba wale watu wa yadi waliomleta baba walisema hakuumia, alikufa papo hapo. Walilisema mara tatu, na walipokuwa wanalisema hakuna hata mmoja aliyenitazama machoni. Nilimwambia kwamba kila siku, darasani, njiani, nikiwa nateka maji, nafikiria kama kweli hakuumia, au kama alituita.

"Siwaamini, mama," nilisema.

Mama alinivuta kichwa changu akakilaza mapajani mwake.

"Hata mimi siwaamini, mwanangu," alisema.

Ndipo nikalia, na mama hakuninyamazisha.